Barua ya Baraza Niliyoipeleka Mazingara

Nilitumwa kwa sababu niliwahi kuwa mwalimu wake. Ndivyo walivyosema wazee wenzangu katika baraza la usharika wetu hapa Makuyuni, Korogwe, na hakuna aliyeyauliza magoti yangu kama yako tayari. Nina miaka sitini na mbili. Nimestaafu ualimu, nimemuuguza mume miaka minne nikamzika, na tangu hapo uchovu wangu si ule wa kulala ukaamka umepona. Hata kusali nilikuwa nasali kama mtu anayejaza fomu. Lakini mimi ndiye katibu wa baraza, na barua ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu, kwa hiyo nikasema nitakwenda.

Barua ilikuwa ya kwenda kwa Elia, mwinjilisti wa mtaa wetu mdogo, yaani tawi la usharika wetu, kule Mazingara, wilaya ya Handeni. Mwaka jana mtoto wake wa pekee, Naomi, alianza kuanguka kifafa. Walimpeleka hospitali, wakapewa dawa, wakarudi, akaanguka tena. Mwishowe Elia na mkewe Salome wakampeleka kwa mganga. Mtu akawaona, habari ikatufikia, tukamtenga. Kwetu aliyetengwa hagusi meza ya Bwana, haongozi ibada, na akija kanisani anakaa benchi la nyuma mpaka siku atakaposimama mbele ya watu wote na kutubu. Barua ilimtaka Elia aje kusimama Jumapili iliyokuwa inakuja. Kama hataki, aweke sahihi chini, jina lake lifutwe kwenye kitabu cha washarika.

Kuna jambo ambalo barua haikulisema. Miezi miwili baada ya kumtenga, Naomi alifariki. Alikuwa na miaka sita. Elia alinipigia simu asubuhi ile akaomba mambo mawili tu: mtu wa kuja kusali kaburini, na ruhusa ya kupiga kengele. Kwetu mtu akifa kengele hupigwa kwa idadi ya miaka yake, na watu mashambani husimama wakahesabu. Mimi nikamjibu, "Subiri baraza likae." Baraza lilikaa Jumamosi. Naomi alizikwa Jumatano.

Tangu siku hiyo Elia hakunipigia tena.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa barabarani Makuyuni na mkoba wangu, barua ndani ya Biblia ili isikunjike. Kulikuwa na ukungu milimani upande wa Usambara na baridi kidogo. Jirani aliyepita na ndoo ya maziwa aliniuliza naenda wapi. Nikasema Handeni, kikazi. Akasema, "Mungu akutangulie, mwalimu." Niliitikia amina bila kuisikia.

Korogwe stendi, saa mbili. Nilipata basi la kuelekea Dar litakaloniacha Mkata, nikakaa dirishani, nikamshukuru aliyeketi karibu yangu kwa kutokuwa msemaji. Tuliacha mto Pangani, tukaacha mashamba ya mkonge, na Segera wakaja akina mama na machungwa yao hadi madirishani. Nilinunua sita nimpelekee Elia. Kisha nikajiona mjinga. Unampelekaje mtu machungwa pamoja na barua kama ile?

Kutoka Segera hadi Kabuku nilikuwa namfikiria Elia wa zamani, nilipomfundisha shule ya Jumapili. Alikuwa mtoto wa maswali. Siku moja niliwasimulia juu ya mwanafunzi aliyemkana Yesu mara tatu, akaapa kabisa kwamba hamjui. Baada ya Yesu kufufuka, asubuhi moja yule mwanafunzi alirudi kutoka ziwani amechoka, akamkuta Yesu ufukweni amewasha moto wa makaa, amebandika samaki, na mkate upo. Akawaambia waje wale. Walipokwisha kula ndipo akamuuliza kama anampenda. Elia akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini alimpa samaki kwanza kabla ya kumuuliza?" Nami sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu hukasirika. Nilimwambia, "Kaa chini."

Mkata, saa tano kasoro. Jua lilikuwa limeshaanza ukali wake. Nilipanda pikipiki ya mtu mzima mmoja mwenye ndevu za mvi, aliyejitambulisha kwa jina la Hamza. Njia ya Mazingara ilikuwa ya vumbi, mahindi pande zote yamenyauka kwa kukosa mvua. Tulipokuwa tumebakiza kama saa nzima ya kutembea, tairi la nyuma likapata pancha. Hamza akalitazama, akanitazama mimi.

"Mama, nikikudanganya kwamba nitaliziba sasa hivi nitapata dhambi," alisema. "Fuata njia hii hii, usikate kona. Nyumba ya kwanza yenye mikorosho, uliza."

Nikatembea. Viatu nilivyovaa vilikuwa vya kanisani, maana nilitaka nifike nikiwa mtu wa baraza. Baada ya nusu saa nilivivua, na baada ya hapo nikajuta kuvivua. Nilipumzika mara mbili chini, kwenye majani, mwanamke mzima peke yangu, na mara ya pili nililia. Sikulia kwa ajili ya Elia. Nilikuwa nimechoka tu, na nilikuwa na hasira na Mungu kwa mambo mengi niliyokuwa sijawahi kumwambia.

Saa nane mchana nilifika kwenye mikorosho. Mwanamke wa umri wangu, amejitanda kanga, alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo. Alikuwa Bi Zaina, jirani wa Elia. Alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa, akaniacha nimalize kikombe chote ndipo akaniuliza nimetoka wapi.

"Korogwe, kanisani. Nina ujumbe wa kumpa Elia."

Kisu kilisimama. "Kanisa la Elia?"

"Ndiyo."

"Pole na safari," alisema, akaendelea kumenya. "Ila mmechelewa, dada. Kaburi lile mume wangu ndiye kalichimba. Sisi Waislamu, dua yenu hatuijui. Tukamwambia Elia, haya baba, msomee mwanao. Akafungua kinywa, akakifunga. Tukasimama hivyo hivyo juani mpaka mume wangu akasema tufukie."

Nikayatazama yale machungwa ndani ya mkoba.

Elia alirudi kutoka shambani na jembe begani. Alikuwa amekonda, na nywele zilikuwa zimeanza mvi pembeni, yeye ambaye nilimwona juzi tu ana kaptura. Alinitambua kwa mbali, akasita, kisha akaja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Elia. Nimekuletea barua ya..."

Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama miguu yangu, iliyovimba na kupasuka kisigino. "Barua haiendi popote," alisema. "Twende nyumbani kwanza."

Nyumbani kwake Salome alinisalimia huku amenipa mgongo. Sikumlaumu. Elia mwenyewe alibandika maji, akayamimina kwenye beseni, akatia chumvi ya mkono mmoja, akaliweka mbele ya kigoda changu. Alitaka kuniosha miguu, nikamkatalia kwa aibu. Nikaitumbukiza miguu mwenyewe. Kisha kikaja chakula, bada, yaani ugali wa muhogo, na kisamvu alichokileta Bi Zaina. Elia akala nami. Alinimegea, akaniongezea mchuzi. Mtoto wake amekufa, mimi nimemwambia asubiri baraza likae, naye ananiongezea mchuzi.

Tulipokwisha kula, akatoa vyombo, akanawa, akakaa. "Haya, mwalimu. Sasa niulize ulichotumwa."

Hapo ndipo nilipovunjika. Mkono ulikuwa tayari umeishika Biblia, ukaishia hapo.

"Elia," nilisema, "siku ile uliponipigia, sikuwa na haja ya baraza. Naomi alibatizwa, mimi mwenyewe nilimwandika. Yeye hakutengwa na mtu. Niliogopa wazee watasema nimekupendelea. Nisamehe."

Ndani, Salome aliacha kuosha vyombo.

"Mimi kwa mganga nilikwenda kweli," Elia alisema. "Sikusingiziwa. Nilikuwa nimechoka kumwona anaanguka, mwalimu. Mtu angeniambia nimpeleke kwa jiwe, ningempeleka kwa jiwe. Adhabu niliipokea. Ila siku ya msiba sikuwa nangoja msamaha. Nilikuwa nangoja mtu aje akae na sisi."

"Na Yesu? Unamwomba bado?"

"Nikifumba macho kumwomba, naliona baraza," alisema. "Nawaona mmekaa kwenye meza ile ndefu. Nafumbua."

Nimehudhuria semina nyingi za kanisa, na hakuna iliyonipiga kama maneno hayo. Nilikuwa nimetumwa kumrudisha kundini mtu ambaye sisi wenyewe ndio tuliosimama kati yake na Bwana wake. Nikamkumbusha lile swali la samaki. Alicheka kidogo, mara ya kwanza.

"Uliniambia nikae chini."

"Ukakaa. Jibu lake nimelipata leo, kwenye beseni lako. Alimpa samaki kwanza kwa sababu alimwona amechoka. Mtu aliyechoka vile ukimuuliza kwanza, utamvunja. Na alipomuuliza, hakumpeleka benchi la nyuma. Alimkabidhi kondoo wake palepale. Yesu ndivyo alivyo, Elia. Mimi nimemfundisha miaka thelathini nikiwa simjui vizuri."

Elia akajifunika uso kwa viganja, akalia, na mimi nikalia, na safari hii haikuwa kwa sababu ya miguu. Sikumwombea kwa maneno mengi. Nilikaa tu.

Ijumaa asubuhi nilimwomba anipeleke kwenye kanisa lao, banda la udongo na bati ambalo halikuwa limefunguliwa tangu msiba. Kengele yao ni ringi ya gurudumu la lori, imefungwa kwa mnyororo kwenye mti, na pembeni kipande cha nondo cha kupigia. Kaburi la Naomi linaonekana kutoka hapo, ng'ambo ya shamba la mihogo. Nikaishika nondo. Elia akaniuliza kama nina ruhusa. Nikasema sina.

Nilipiga moja moja, nikiacha kila mlio ufe kabla ya kupiga mwingine. Kwenye wa pili, mume wa Bi Zaina alisimamisha jembe lake shambani, akavua kofia. Kwenye wa nne, Salome alikuwa ametoka, amekuja mpaka karibu, kanga mdomoni. Kwenye wa sita aliketi chini vumbini, akaomboleza kwa sauti ambayo nadhani aliifungia tangu Jumatano ile. Bi Zaina akaja mbio, akamshika mabega. Tukakaa wote chini pamoja naye.

Alipotulia, Salome aliniambia neno la kwanza tangu salamu ile ya jana.

"Rudia."

Nikainuka, nikapiga tena sita.

Saa nne Hamza alikuja kunifuata, tairi limezibwa. Elia alinisindikiza mpaka njiani, akanibebea mkoba.

"Barua je?"

"Inarudi nilipoitoa."

"Jumapili sijui kama nitaweza kuja, mwalimu."

"Sijakuuliza," nilimwambia. "Machungwa nimeacha kwa Salome."

Safari ya kurudi sina mengi ya kuisimulia, maana nililala kuanzia Mkata hadi Korogwe, kichwa kikigonga kioo.

Jumapili niliingia kanisani Makuyuni nikapita kiti changu cha katibu, nikaenda kukaa benchi la nyuma. Mama mmoja akanigusa. "Mwalimu, umekosea benchi." Nikamwambia sijakosea. Ulipofika wakati wa matangazo niliomba kusimama. Nikaeleza kwamba Elia hakuweka sahihi kwa sababu sikumpa barua, na kwamba mwenye kutubu siku hiyo ni mimi, niliyezuia kengele ya mtoto aliyebatizwa na kumwacha baba yake kaburini bila sala. Nikasema nitakaa nyuma mpaka wazee wote twende Mazingara kumpa pole mama yake Naomi. Mzee mmoja akakohoa, akasema jambo hili ni zito, linahitaji kikao. Mchungaji wetu akamtazama, kisha akaitazama sakafu. "Hapana," alisema. "Jumatano tunakwenda."

Elia hakuja Jumapili ile. Huenda akaja nyingine, huenda asije mapema, na sitamhesabia siku. Nilidhani nampelekea mtu aliyeanguka habari za Bwana wake, na kumbe Bwana alikuwa ametangulia, anachemsha maji. Uchovu wangu haujaisha, na kisigino hakijapona. Ila Elia akifumba macho aliliona baraza, na mimi siku hizi nikifumba macho naliona beseni lile, mvuke unatoka, na mtu niliyemkana ananiambia niweke miguu kwanza.