Kikwembe cha Kijani

Asubuhi yao ya mwisho ilikuwa kama nyingine. Candide alipasha mboga ya sombe ya jana, mumewe Révérien akala akiangalia chini. Candide akamwambia kwamba leo Félicien, mwenye nyumba ya video, anaonyesha tena ile filme ya kuchekesha, basi aje. Révérien akajibu ana matofali ya kuchoma. Jibu lilikuwa hilo hilo siku zote. Candide akajifunga kikwembe chake cha kijani, akaenda kazini.

Jioni kuhara kulimshika. Barabara ya hospitali ilikuwa na mapigano. Hakufika.

Kazi ya Candide ilikuwa kutafsiri filme katika nyumba ile ya Félicien, mtaa wa Kimanga. Kiingereza alikiokota kambi ya wakimbizi Tanzania, na neno lililomshinda alitia la kwake. Filme ikipamba moto, alimwambia Félicien asimamishe kaseti, halafu aliwauliza watu. Huyu mwenye bunduki mbona haogopi? Hawa aliowaua, nani anawazika? Watu walibishana huku jenereta ikinywa mafuta bure na Félicien akinung'unika. Wengine walikuja kwa ajili ya ule ubishi tu.

Révérien alikuwa akikaa benchi la nyuma na kujivuna kimya kimya, mpaka siku walipoonyesha filme ile ya kuchekesha kwa mara ya kwanza. Ndani yake kuna mwanaume mnene anayewindwa na majambazi. Anavaa nguo za mkewe, anafunga kitambaa kichwani, anapita mbele yao akitikisa makalio. Watu walicheka mpaka mabenchi yakapinduka.

Révérien masikio yalimwaka. Yeye mwenyewe alivuka mpaka wa Kavimvira vile vile, vita ya kwanza ilipofika. Wanaume walikuwa wakitolewa mstarini, na waliotolewa hawakurudi. Candide alimfunga kikwembe kile cha kijani, akamfunika ndevu kwa kitambaa, akamtwisha sufuria. Askari wa kizuizi alimwita mama, akampisha. Jambo hilo walilijua wao wawili tu.

Hyacinthe, mbadilisha pesa wa mpakani, akapaza sauti toka mbele.

"Huyu ni mwanaume wa namna gani? Mungekuwa munaniuliza minye, bibi yake arudishe ngombe za mahari kwao, ajitafutie mwingine."

Vicheko vikazidi. Candide naye alicheka; Révérien aliyaona meno yake. Kisha Candide akainua mkono, kaseti ikasimama. Révérien hakungoja. Alijua Candide anakwenda kuisema siri yao. Alitoka akiwa ameinama kama mwizi, akaenda kukaa kwenye tanuru lake la matofali mpaka giza.

Hakurudi tena kwa Félicien. Mara moja Candide alijaribu kumweleza siku ile ilivyokwisha. Révérien akamkatiza.

"Nyamaza, mama. Minye nilishasikia."

Naye hakuwa amesikia kitu. Candide akaendelea kuosha vyombo. Tangu hapo Révérien kila akikutana na mtu wa Kimanga anayecheka njiani, alidhani anachekwa yeye.

Matanga yalipokuwa yanakwisha, Félicien alikuja kukaa karibu naye. Alisema nyumba yake sasa ni bubu. Halafu akamuuliza kwa nini siku ile alitoka kabla bibi yake hajasema. Révérien, kikwembe cha kijani mapajani, akajibu kwamba alijua lililosemwa, na kwamba mji wote unajua.

Félicien akashangaa, mji unajua nini? Akamweleza kwamba siku ile watu walinyamaza, hata Hyacinthe alivua kofia. Maneno ya Candide yeye hakuyasahau, kwa sababu hakuna aliyeweza kuyabishia. Akayasema polepole, kama Candide alivyoyasema akisimama kando ya televisheni. Révérien akajifunika uso kwa kile kikwembe, akasikiliza kwa aibu mpya, nzito kupita ile ya kwanza.

"Yule wa bunduki haogopi sababu hana muntu wa kumungojea nyumbani. Huyu wa kikwembe anaogopa juu bibi yake iko anamungojea. Minye, kama ni kuolewa, ningeolewa na huyu tena. Sasa mucheke."