Sabuni Katika Shuka la Mama

Mashine ya kufulia ilifika hospitalini kwetu miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu. Kabla ya hapo sabuni ilikuwa mche mmoja unaokatwa vipande kwa uzi, na mche ukikosekana tulifua kwa majani ya mpapai. Sasa malori yalishuka kutoka Mbinga mjini na sabuni ya unga, ya bluu na ya kijani, katika pakiti zenye picha ya mwanamke anayefua huku anacheka. Mimi nilikuwa mfuaji katika hospitali ya misheni kando ya ziwa, na sikumbuki kufua huku nacheka.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mnyasa, mtu wa hapo hapo ufukweni, amenizidi miaka mingi, nami nilimwita dada. Mimi nilitoka Maguu, milimani, nikiwa na darasa la saba na barua ya paroko. Yeye aliniita mtu wa milimani, na siku akiwa na furaha aliniita mbuzi wa milimani.

Mashine ilikuwa imetumika Ulaya kabla ya kutumwa kwetu. Ilikuwa na mahali pa kisanduku cha sabuni, lakini kisanduku chenyewe hakikuja. Palibaki tundu. Fundi wa jenereta alitafuta katika kitabu chake akakuta picha ya mkono unaomimina unga ndani ya kisanduku tusichokuwa nacho. Akafunga kitabu, akasema sabuni ni sabuni, itajua yenyewe pa kwenda.

Nilivyofanya mimi ndivyo ambavyo Mmatengo yeyote wa milima yetu angefanya. Kwetu tunalima ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kama mistari ya daftari la hesabu, wanawake huchimba udongo na kuzifukia, na katikati ya kila mraba linabaki shimo la kushika mvua. Nyasi huoza chini ya udongo na mahindi huota juu yake. Kwa hiyo nilipanga mashuka ndani ya mashine kwa tabaka, kila tabaka nikatandaza sabuni, nikaifukia kwa tabaka jingine. Nilijaza mpaka mlango ukafungwa kwa goti. Nilikuwa na hakika kwamba sabuni itashuka polepole na kulisha kila shuka. Hakuna aliyeniuliza nimeyatoa wapi maarifa hayo, nami niliona fahari.

Mashuka yalitoka meupe, yakakauka, yakakunjwa, yakaenda wodini. Wagonjwa wakaanza kujikuna. Muuguzi alidhani ni upele.

Mwezi huo huo kaka zangu walimshusha mama kutoka Maguu, tumbo limevimba na ngozi imelegea. Daktari alituita nje akasema pale hapakuwa na dawa ya kuuondoa ugonjwa ule, bali ya kumtuliza. Mama akalazwa wodi ya wanawake, kitanda cha pili kutoka dirishani. Hakulalamikia tumbo. Alilalamikia shuka.

“Linawasha,” aliniambia. “Usiku kucha najikuna kama mbwa. Nani anayefua mashuka haya?”

Nikasema nitauliza. Siku ya pili akauliza tena, nikasema wanashughulikia. Siku ya tatu ngozi ya mgongo ilikuwa imechubuka kwa kucha zake mwenyewe, ndipo nikasema.

“Ni mimi, mama.”

Akanitazama. “Wewe?”

“Mimi na mashine.”

“Basi mnafua vibaya.”

Alinitaka nimweleze kila kitu, nikamweleza, mpaka lile goti. Alisikiliza amefumba macho.

“Umefukia sabuni kama nyasi za ngolo?”

“Ndiyo, mama.”

“Ngolo hukaa pale masika yote, mvua inanyesha juu yake. Mashine yako inakaa muda gani?”

“Kama saa moja.”

“Basi.” Akajikuna bega. “Kahawa unaioshaje?”

Nilijua kuosha kahawa kabla sijajua kusoma. Ikishamenywa na kulazwa ichachuke, hujazi tangi. Unaweka kiasi, unatia maji, unakoroga kwa mti kila punje iguswe. Unamwaga maji, unatia mengine. Kisha unachukua konzi moja unaisugua kiganjani. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza kama changarawe, tayari.

“Sasa kwa nini mashuka umeyaonea?” mama akasema. “Nataka kulala usiku mmoja bila kujikuna. Mengine yote nimemwachia Mungu.”

Niliporudi chumba cha kufulia nilichukua shuka lililotoka mashineni, bado bichi, nikalisugua kiganjani. Likateleza kama kambale. Nililifungua lote. Upande mmoja ulikuwa na bonge la sabuni lililogandamana kama ugali wa jana, upande wa pili haukuonja sabuni hata kidogo. Nikachukua la pili na la tatu. Yote yalikuwa hivyo.

Tulianza upya. Nilikoroga sabuni katika ndoo ya maji ya moto mpaka isibaki punje, nikaichuja kwa kipande cha kanga. Mashine tukaijaza nusu tu. Fundi wa jenereta alitupa faneli ya mafuta ya taa, ambayo niliiosha siku nzima, tukaisimamisha kwenye lile tundu la kisanduku. Mashine ilipokuwa inazunguka nilimimina maji ya sabuni kikombe kimoja kimoja, ili kila shuka linalopita lipate lake. Kwa mara ya kwanza mashuka yalikuwa na weupe mmoja kutoka pindo hadi pindo.

Lakini bado yaliteleza. Yalihitaji kusuuzwa mara tatu, na mashine ilisuuza mara moja. Nikaenda kwa sista msimamizi kuomba jenereta iongezewe muda.

“Mmejaza mashine nusu,” akasema, “na sasa mnataka dizeli maradufu?”

“Ndiyo, sista.”

“Na zamani, mlipokuwa mnafua kwa mikono?”

Nikamwambia zamani tulimaliza kazi bila dizeli. Akasema anafurahi kusikia hivyo, na dizeli haipo.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na karai. Tulipotoka alicheka mpaka akashika ukuta.

“Mbuzi wa milimani! Umekaa hapa miaka yote hii, hujaliona lile?” Akanyoosha kidole ziwani. “Lile halili dizeli.”

Tukafanya hivyo. Mashine ikaloweka na kuzungusha, na sisi tukabeba mashuka mabichi kwenye makarai hadi ufukweni. Shuka bichi la hospitali ni zito kama mtoto aliyelala. Dada aliingia majini hadi mapajani, akalitupa shuka likafunguka lote, akalivuta, akalitupa tena kama anayetega wavu. Mimi nilisimama karibu na ukingo, kwa kuwa watu wa Maguu hatuogelei, nikayasugua kiganjani moja moja. Lililoteleza nilimrudishia. Alinitukana kwa Kinyasa na kulipokea.

Kamba yetu ya kuanikia ilijaa. Mashuka ya mwisho dada aliyatandaza juu ya miamba. Sikuwa na habari kwamba asubuhi ile ile miamba hiyo ilianikiwa usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu.

Jioni nilimtandikia mama mojawapo. Asubuhi nilipopita wodini alikuwa bado amelala, na muuguzi akaniambia hakuamka hata kunywa maji. Nilimngoja. Alipofumbua macho nilimwamkia, akaitika, akajipapasa mkono wote, polepole, kutoka bega hadi kidole.

“Haliwashi,” akasema. Kisha akanusa. “Nanuka usipa.”

“Nitalibadilisha, mama.”

“Liache.”

Alilala juu yake siku nne, kisha akafa mchana, mimi nikiwa ziwani na dada. Kaka zangu walikuja na lori la mnunuzi wa kahawa, wakamfunga kwa kanga zake mwenyewe, kwa kuwa shuka ni mali ya hospitali. Tulimzika Maguu, chini kidogo ya kahawa zake. Nilikaa matangani mpaka tukaanua, nikateremka.

Nilikuta rundo la mashuka machafu pembeni ya mashine. Dada alikuwa anafua mengine na rundo lile analizunguka.

“Haya vipi?” nikauliza, baada ya yeye kuniambia pole.

“Ya wodi ya mama, ya siku ile aliyofariki. Nguo za marehemu hufuliwa na ndugu, si mtu baki. La mama limo humo. Ila waliyatoa yote pamoja na yote yana muhuri mmoja, sikujua ni lipi. Nikayaweka yote.”

“Na wagonjwa wanalalia nini?”

“Kanga zao. Sista kaja hapa mara mbili, kanuna.”

Yalikuwa kumi na moja. Ningependa kuandika kwamba nililitambua la mama. Niliyanusa yote, na yote yalinuka wodi. Nilidhani ule usipa ungenisaidia, haukuwapo.

Kwa hiyo nikayafua yote kama la mama. Nikakoroga sabuni, nikaichuja, nikaimimina kikombe kimoja kimoja. Ziwani dada alikaa juu ya mwamba na mikono mapajani, hakugusa hata moja, nami niliingia majini hadi magotini, mbali zaidi ya nilivyowahi kufika. Kila shuka nililisugua kiganjani mpaka likakwaruza.

Jioni muuguzi alikuja kuyachukua. Akauliza kama yamekauka vizuri. Nikamwambia yamekauka.