Siku Presha Yangu Iliposomwa kwa Skrini

Hii stori inanitia aibu mpaka leo, na kama si kwamba nusu ya Ruiru na karibu Thika yote wanaijua tayari, ningenyamaza nayo, lakini kwa vile kila mtu anaisimulia vile anataka (kuna mmoja hapa mtaa wa Gitothua anasema nilizimia, mimi sikuzimia), acha niiseme mwenyewe vile ilikuwa.

Naitwa Wafula. Mimi ni mtu wa Bungoma kwa kuzaliwa, lakini nimekaa Gitothua miaka mingi na kazi yangu ni kuendesha foklifti, ile mashine ya kuinua mizigo, kwa kiwanda kimoja cha katoni huko Thika. Najua foklifti si gari la kujivunia, lakini wewe beba mizigo kwa mgongo miaka sita halafu upewe kiti, usukani na honi, utajiona rubani tu.

Sasa mwaka jana ukaanzishwa huu mradi wa presha na sukari. Haikuwa ile ya kawaida ya daktari kuja, kuongea na kuondoka. Watu wa afya, meneja wetu, makanisa, akina mama wa soko na wenye bucha waliketi meza moja wakakubaliana kwamba haya magonjwa yanayokaa na mtu miaka na miaka hayawezi kuachiwa hospitali peke yake, kwa sababu mtu haugui akiwa hospitali, anaugua akiwa kazini, jikoni na sokoni. Tukaambiwa kuna nchi zingine zinajaribu mambo kama hayo na siku moja wageni kutoka huko watakuja kuona yetu. Nilipiga makofi kama wengine, ingawa ukiniuliza sikuwa nimesikiza vizuri.

Siku ya kupimwa, pale uwanja wa kiwanda kulikuwa na hema tatu. Ya kwanza, watu wa kanisa wanakuandikia kadi yenye jina lako. Ya pili, unapimwa. Ya tatu, akina mama wa soko wanakupa ndizi na kukufundisha kupika sukuma wiki bila kuizamisha kwa mafuta. Nilikuwa nimeshapata kadi, niko kwa laini ya hema ya pili, wakati fununu ilipopita kutoka mbele hadi nyuma: atakayepatikana na presha anaondolewa kwa mashine na kupelekwa kazi nyepesi.

Mimi nilikuwa najijua. Kichwa kilikuwa kinanigonga kila asubuhi, na nikipanda ngazi za stoo naona vitu kama vimulimuli mbele ya macho (mke wangu nilimwambia ni vumbi ya katoni). Nyuma yangu kwa laini alikuwa Njuguna, rafiki yangu wa kupakia mizigo, mtu mwembamba anayekuja kazini na baiskeli kutoka mtaa wa Landless. Yeye ile fununu ilikuwa imemfurahisha kabisa, kwa sababu mgongo wake umechoka na kazi nyepesi ndiyo amekuwa akiomba Mungu.

"Wafula," akaniambia, "mimi hata nikitafuta presha na tochi siipati."

"Na mimi ninayo ya kutosha watu wawili," nikamjibu.

Tukaangaliana. Nikampa kadi yangu, akanipa yake. Hiyo ndiyo yote niliyofanya, na haikumaliza hata dakika.

Nesi aliyenipima alikuwa anaitwa sista Wambui, mwanamke mpole mwenye miwani. Aliangalia mashine, akaangalia kadi, akaniangalia mimi. "Njuguna, umekuja hapa na miguu yako?" Nikasema ndiyo sista. Akaniambia nianze kliniki Jumanne bila kukosa, akanipa na fomu ya kukubali watu wa mtaa wanisaidie kufuata matibabu. Nikaitia sahihi kwa jina la Njuguna, mwandiko mzuri kabisa, kisha nikaenda kula ndizi.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Miaka yote nimeishi hapa, sijaona ofisi moja ikijua ile ya pili inafanya nini. Nilijua zile kadi zitafungwa kwa sanduku, sanduku liwekwe juu ya kabati, na mambo yaishe. Sikujua hawa wameamua kuongea.

Njuguna alipata kazi yake nyepesi ya kubandika lebo, akaketi kwa kiti akanikonyeza. Jumanne hakuenda kliniki, kwa sababu akienda atapimwa na presha hana. Kliniki ikapigia kiwanda. Kiwanda kikaambia kanisa. Kanisa likaambia soko. Kufikia mwisho wa wiki Njuguna hakuwa na mahali pa kujificha. Mama mboga wake wa Landless anampimia sukuma huku akimuuliza kama amekunywa dawa. Mwenye bucha anamkatalia nyama ya mafuta na kumkatia ile nyekundu kavu. Kanisani aliwekwa kwa kikundi cha kutembea, yeye mtu wa baiskeli, saa kumi na mbili asubuhi pamoja na wazee wenye fimbo.

"Wafula, hawa watu wananiua na upendo," akaniambia siku moja pale kantini.

Lakini nyumbani ndiko kulikuwa na shida yenyewe. Mke wake, Mama Shiru, alikuwa amempoteza babake kwa kiharusi, na aliposikia jina la bwanake liko kwa orodha ya presha alichukua tu chumvi yote akampelekea jirani. Njuguna alikula githeri ya mahindi na maharagwe bila chumvi miezi mitatu. Alikuwa mwembamba, akawa kama spoku ya baiskeli yake. Nilimwambia amwambie mke wake ukweli, akasema hawezi, kwamba akila huyo mama anamwangalia kama mtu anayeaga msafiri, sasa ataanzia wapi. Hapo ningesimamisha hii maneno. Sikusimamisha, na nitawaambia kwa nini.

Mimi nilikuwa nimefanywa balozi. Kadi yangu (ile aliyopimiwa Njuguna) ilionyesha presha ya kijana, na meneja alipoona umri wangu akasema huyu ndiye mfano. Nikapewa fulana ya kijani yenye maneno "Balozi wa Afya" mgongoni na nikaanza kusalimia watu kwa mikono miwili kama mtu anayetafuta kura. Niliulizwa siri yangu nikasema mboga za kienyeji na kutembea. Ukweli ni kwamba mimi naongeza chumvi kwa chakula kabla hata ya kuonja.

Basi wageni wakaja, kutoka nchi kama nne hivi, na wakakaribishwa kwa ukumbi mmoja hapa Ruiru. Watu walijaa. Mke wangu alikuwa safu ya tatu na nguo mpya, na karibu naye Njuguna na Mama Shiru, kwa sababu Njuguna pia alikuwa amealikwa kama mgonjwa anayefuatiliwa. Nilipewa maikrofoni nikaongea vizuri sana, kusema kweli, nikawaambia mwili ni kama foklifti, usipoujali utakuachia mzigo njiani. Wageni wakaandika.

Halafu mama mmoja mgeni akaomba kupitia mkalimani waonyeshwe vile sisi hupima. Meneja akasema hakuna shida, balozi wetu yuko hapa, na mashine mpya inaonyesha namba kwa skrini kubwa ili ukumbi wote waone. Nikajaribu kusema nimekula sasa hivi. Nikajaribu kusema mkono unauma. Tayari nilikuwa nimeketishwa.

Namba zikapanda kwa ile skrini kama mabao ya mechi ambayo timu yako inapigwa. Zilipofika mahali pa kusimama hazikusimama. Mashine ikaanza kupiga kelele na skrini ikawa nyekundu. Sista Wambui akaniambia nipumue polepole, akapima tena, ikawa vile vile. Akahamia mkono wa pili, nao ukasema yale yale. Mgeni mmoja akauliza kitu na mkalimani akajifanya hajasikia.

Sista akavua miwani. "Mzee, mimi huu uso naujua. Nilikupima pale kiwandani. Si wewe ni Njuguna?"

Kutoka safu ya tatu Mama Shiru akasimama. "Njuguna ni bwana yangu," akasema, "na ndiye huyu anajaribu kutoka na mlango wa kando."

Wakamrudisha. Wakampima mbele ya kila mtu, na skrini ikaonyesha kijani, presha nzuri ya mtu anayeendesha baiskeli. Mama Shiru aliangalia zile namba kwa muda, kisha akamgeukia bwanake na hakupaza sauti.

"Miezi mitatu nimekuwa nikikupikia nikijua nakuzika. Baba yangu nilimwona akianguka kwa mlango. Wewe ulikuwa unaona hiyo kitu kwa uso wangu kila siku, na unakula tu."

Njuguna akaangalia viatu vyake. Hapo ndipo nilipochukua maikrofoni nikasema yote, kutoka laini ya hema mpaka sahihi ya fomu, na nikasema wazo lilikuwa langu (lilikuwa letu wawili, lakini ukishavuliwa nguo hakuna haja ya kugombania soksi).

Meneja alifunika uso na mkono. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na ukumbi ukamfuata. Sista Wambui pekee hakucheka. Aliinama karibu na sikio langu akasema, "Wafula, ungekuwa umeanza dawa miezi mitatu iliyopita. Sasa fikiria uko juu ya hiyo mashine, mzigo uko hewani, watu wako mbele, na unaanguka." Nilikuwa nimefikiria kiti changu, usukani wangu na honi yangu. Wale wa mbele sikuwa nimewafikiria hata siku moja.

Sista alikataa niende hospitali nikitembea. Kwa hivyo watu wa kanisa wakaleta machela, kiwanda kikatoa gari, akina mama wa soko wakanipepea na majani ya sukuma, na mwenye bucha, kwa vile ana nguvu, akashika upande wa kichwa. Nikapitishwa katikati ya ukumbi nikiangalia dari, mzima kabisa, na ile fulana yangu ya balozi. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho ya vile sisi hushirikiana. Walisimama wakapiga makofi. Mmoja alinipiga picha. Mke wangu alitembea kando ya machela akinishika mkono, na aliniambia kwa upole ambao uliniogopesha, "Vumbi ya katoni, Baba Brian?"

Hakuna aliyenifuta kazi. Meneja aliniita, akaniambia ile fununu haikuwa na kichwa wala miguu, mpango ulikuwa mtu apumzishwe kuendesha mashine mpaka dawa ishike, kisha arudi. Nilikaa mwezi na nusu nikibandika lebo, kwa kile kiti cha Njuguna, naye akarudi kupakia. Siku ya kwanza alipita na katoni mbili kwa bega, akanikonyeza.

Kwa Mama Shiru tulienda Jumapili, mimi na mke wangu, kuomba msamaha. Alitukaribisha vizuri, akatuwekea githeri, akaketi mbele yangu mikono kwa mapaja akaningoja nimalize. Haikuwa na chumvi hata chembe. Nilimaliza na nikaongezewa. Aliposema sasa yameisha, nilitoa machozi kidogo, na sikusingizia chochote.

Kwa hivyo nyinyi mnaoikwepa hema ya kupimwa mkifikiri mko wajanja, mimi nimewahi kuwa mjanja, na nimebebwa pamoja na ujanja wangu kwa machela. Mwili hausomi jina lililo kwa kadi. Siku hizi kila Jumanne niko kliniki wa kwanza kwa benchi, na sista Wambui akiniuliza kama wiki hii niliongeza chumvi mezani, namwambia ndiyo, mara mbili, Alhamisi na Jumamosi, na ile ya Jumamosi ilikuwa nyingi.