Kiti ya koko na telefone yangu

Leo saa tano telefone iliniambia koko yangu, mama ya mama, hajasimama ku kiti tangu asubui.

Niliacha cours, nikachukua taxi-moto mupaka Furu, kwake.

(Kwa benye hawajue: mémoire yangu ya kumaliza université ni juu ya bazee. Niliweka capteur, kamashini kadogo ka kusikia uzito ya mutu, mu kiti ya koko. Akikala, inaniandikia. Akikawia bila kusimama, inaniita.)

Nafika. Mama mumoja wa kanisa mwenye alitoka Kasugho njo amekala ku ile kiti, anakunywa chai polepole. Koko yeye iko ku kabanc ka mbao, muzima kabisa.

« Koko, kumbe haukalake ku kiti yako? »

« Ile ni ya bageni. Mutu atoke mbali, nimukalishe ku banc? »

Donc wiki tatu nilipima bageni. Directeur wa mémoire nitamuambia nini? Munisaidie.

Nikamuonyesha koko mu telefone: kila siku kuna mutu alikala.

Akaangalia sana.

« Quartier muzima ilikala apa. Ni wewe tu, unakuyaka kuangalia kiti, halafu unaenda. »

Mama wa Kasugho akasimama, akanipisha. Nikakala.

Telefone ikalia mu mufuko: koko amekala.