Balozi na Ndoo Yake ya Mayai

Kundi letu la WhatsApp la tuliomaliza kidato cha nne pamoja huwa limelala usingizi mzito. Huamka mtu akiwa na harusi au akitaka kuuza kiwanja. Ndiyo maana simu ilipolia Jumanne asubuhi, nikiwa nafungua kibanda changu cha fotokopi, sikuihangaikia. Nilipokuja kusoma, ujumbe ulisema: "Balozi ametutoka alfajiri. Mazishi leo alasiri, Ilongero." Kwa muda kidogo nilijidanganya kuwa ni balozi wa nyumba kumi wa mtaa fulani, mzee wa watu aliyeshiba miaka yake. Halafu nikaona wenzangu wanaandika pole mmoja baada ya mwingine, hata wale ambao hawajawahi kuandika neno humo ndani, nikajua ni Balozi wetu, tuliyekaa naye dawati moja. Figo zilikuwa zimemsumbua tangu mvua zilizopita. Nikafunga kibanda, nikaita bodaboda, na njia nzima dereva alikuwa ananisimulia bei ya alizeti nami naitikia tu, eeh, eeh, huku najiuliza nitaanzaje kuwaandikia ninyi mnaonisoma kila wiki habari za mtu aliyenichekesha kuliko wote ninaowajua.

Jina la Balozi alilipata kidato cha kwanza. Babu yake mzaa baba alikuwa Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyefika Manyoni na mifugo yake, akauza mifugo, akabaki na mke. Kutoka kwa babu huyo rafiki yangu alirithi urefu, pua nyembamba na nywele laini ambazo wasichana wa darasa letu walikuwa wanaziomba bila haya. Vingine vyote alivipata Ilongero kwa bibi mzaa mama, aliyemlea. Kinyaturu alikijua kunishinda mimi ambaye sura yangu haijawahi kutiliwa shaka na mtu. Sasa siku moja mwalimu wa jiografia, tukiwa kwenye mada ya nchi kame, akamwambia, "Wewe simama, hebu tueleze kidogo hali ya hewa ya kwenu." Akasimama. Akaeleza kwamba kwao kuna upepo mkali tangu mwezi wa sita, mtama unastahimili, alizeti pia, na ng'ombe wanahitaji kupelekwa mbali kidogo kunywa maji. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza, "Na mji wenyewe unaitwaje?" Akajibu, "Ilongero, mwalimu." Darasa likaanguka kwa kicheko. Kuanzia hapo akawa Balozi, mwakilishi wa nchi asiyoijua, na jina alilipenda, hata kwenye daftari aliliandika.

Lakini hadithi ninayotaka kuwapa leo ni ya ndoo. Tulikuwa kidato cha tatu. Kicheche alikuwa ameingia kwa bibi yake na kumuua kuku aliyekuwa analalia mayai, tetea mwekundu ambaye bibi alimpenda kama mtoto wa kumzaa. Mayai yalibaki. Bibi akasema basi, kuku ameisha na uzao wake umeisha, akataka kuyatupa. Balozi akamwambia, "Bibi, subiri." Akachukua ndoo ya rangi yenye kifuniko, akaitandika blanketi kuukuu ndani, akatoboa matundu, akafunga taa ya indiketa ya pikipiki, akaweka kopo la maji kwa ajili ya unyevu. Umeme ulitoka kwenye betri ya pikipiki ya mjomba wake iliyokuwa mbovu kila kitu isipokuwa betri. Taa akawa anaiwasha na kuizima kwa kupima joto shavuni, kama mama anavyopima chupa ya mtoto. Kila asubuhi nilikuwa nauliza, "Wanaendeleaje?" naye anajibu, "Wanakusalimia." Mimi wakati huo nilikuwa naota kuwa rubani, kwa hiyo nilimwona mtu anayetotolesha kuku kwenye ndoo ya rangi kuwa ni mwenzangu kabisa katika kazi ya kushindana na anga.

Siku ya mayai kuanguliwa ikaangukia siku ya mtihani, na bibi alikuwa na miadi ya macho hospitali mjini. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kuangalia taa. Balozi akaibeba ndoo hadi shuleni, akaiweka chini ya dawati letu, nyaya nyekundu na nyeusi zimeingia kwenye begi lenye betri. Mtihani ulikuwa wa jiografia, maana dunia ina utani wake. Darasa likatulia, kalamu tu ndizo zinazosikika, na katika ule utulivu ikaanza: tik. Kimya. Tik, tik. Niliinamisha kichwa nisicheke. Kila mtoto wa Singida anaijua sauti hiyo. Kuku wetu hulalia ndani, kwenye kona ya jiko au chini ya kitanda, na sisi wote tumewahi kulala juu ya kifaranga anayedonoa ganda lake. Mwalimu mwenyewe alikuwa na kuku. Msimamizi wa mtihani alikuwa na kuku. Sidhani kama ndani ya chumba kile kulikuwa na mtu aliyezaliwa nyumba isiyo na kuku. Mwalimu akaifuata sauti dawati kwa dawati, taratibu, na mpaka anafika mbele yetu uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Kisha akaona ni nani amekaa pale, akaona nyaya, na uso ukabadilika.

"Ni nini hicho?"

"Ndoo, mwalimu. Ina mayai."

"Usinichezee. Mayai yana nyaya?"

"Za kupata joto, mwalimu. Wanaanguliwa leo."

Hakusikia zaidi. Kengele iligongwa kama shule inaungua. Tulitolewa wote uwanjani, wakiwemo kidato cha kwanza ambao walifurahi sana maana walikuwa kwenye hesabu. Mwalimu mmoja alichomoa nyaya kwa ufito, akiwa amesimama mbali na amefumba macho, na ndoo ikaburutwa kwa kamba hadi katikati ya uwanja wa mpira, ikaachwa pale peke yake. Ilikuwa Julai. Mnaoujua upepo wa kwetu wa Julai mnajua kwamba hauzunguki mtu, unapita katikati yake. Polisi walikuwa wameshapigiwa simu na walikuwa wanatoka mjini. Mkuu wa shule akamweka Balozi kwenye kiti mbele ya ofisi, akaanza kumhoji, na mimi kama mwenzake wa dawati nikawekwa kando yake, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Kwenu wapi?"

"Ilongero, mwalimu."

"Nakuuliza kwenu. Kwenu kwenyewe."

"Hapo hapo Ilongero, ukishapita mashine ya kukamua alizeti."

"Baba yako anatoka wapi?"

"Yuko safarini, mwalimu, ni dereva wa lori. Jana alikuwa Kahama."

"Na babu?"

"Babu amezikwa Manyoni."

Mkuu akavuta pumzi. Nami nikawa namwangalia Balozi, ambaye mdomo wake ulikuwa unajibu vizuri. Macho yake hayakuwa kwa mkuu. Yalikuwa uwanjani, kwenye ndoo.

"Mwalimu, naomba nikaiwashe taa. Yatapoa."

"Kaa chini. Nani alikufundisha kufunga nyaya?"

"Nilijaribu tu. Mwalimu, tafadhali. Yatapoa."

Alilisema neno hilo mpaka likaacha kuwa ombi, akawa analisema chini chini kama mtu anayehesabu. Polisi walipofika kwa pikipiki, mmoja akaanza kuzunguka uwanja kwa mbali. Mwenzake, jamaa mnene kutoka Mkalama, akasogea, akainama, akatega sikio. Akasimama akiwa anatucheka waziwazi. "Jamani," akasema, "hivi ninyi nyumbani mnafuga nini?" Akafungua kifuniko. Vifaranga wanne walikuwa wametoka na wanalia kwa baridi. Wengine walikuwa wametoboa ganda, mdomo uko nje, na wameishia hapo hapo. Balozi alikimbia uwanja mzima, akawaingiza wale wanne ndani ya shati, kifuani, akakaa chini kwenye vumbi. Mkuu akamsimamisha masomo wiki mbili kwa kuleta vifaa vya hatari shuleni. Nadhani alishapiga simu nyingi mno asiweze kurudi nyuma.

Kesho yake bibi alikuja, kanga mbili na fimbo, jicho moja limefungwa pamba. Mkuu akainuka, akamwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Bibi hakukaa. Akasema, "Marahaba. Mwalimu, kwenu Iramba kuku hawalalii chini ya kitanda?" Mkuu akasema, "Wanalalia, mama." Bibi akasema, "Haya," akageuka, akaenda zake.

Wale wanne ndio waliomjengea Balozi nyumba, ingawa hakuwahi kusema hivyo, alisema tu "kuku wangu wa uwanjani." Tulipomaliza shule mimi sikuwa rubani, kama mnavyojua, naye akatengeneza mashine kubwa ya mbao, akawa anatotolesha mayai ya watu wa kata nzima. Siku moja tulipanda naye basi la kwenda Manyoni, yeye akipeleka boksi la vifaranga kwa mama mmoja wa Kilimatinde. Kwenye kizuizi akaingia ofisa mmoja kijana wa uhamiaji, akatupita sote, akamgusa Balozi bega. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona vizuri kabla. Kabla hajaulizwa neno, Balozi alikuwa ameshafungua kifuniko cha boksi kwa mkono mmoja, na mkono mwingine umetoa kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa vilivyotiwa plastiki. Alivifanya vyote kwa pamoja, haraka, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Ofisa akaviangalia, hakuridhika, akasema, "Imba wimbo wa taifa."

"Nitaimba, afande," Balozi akamjibu kwa adabu, "lakini ukianza kuimbwa, na wewe itabidi usimame wima."

Basi zima likacheka. Akaanza kuimba, na kwa kweli sauti hakuwa nayo. Ofisa akasimama wima, angefanyaje? Abiria wa mbele wakainuka, kisha wa nyuma, kondakta akavua kofia, na vifaranga wakawa wanaitikia. Tulicheka mpaka Manyoni. Tuliposhuka nikamwambia, "Balozi, wewe ni hatari." Akacheka, kisha akasema kitu kingine, kwa sauti ile ile ya kawaida, huku anahesabu vifaranga: "Unajua, nikipanda peke yangu huwa siwatanii. Nashuka tu."

Nilikuwa nafikiria maneno hayo nilipofika msibani. Watu walikuwa wengi, wa msikitini na wa kanisani, wazee wamekaa kwenye mabenchi ya shule. Mmoja wao alikuwa mkuu wetu, amestaafu, mvi tupu. Nilimwamkia, akanishika mkono muda mrefu, akaniambia kuku wake wote wametoka kwenye mashine ya Balozi. Tulizika, tukarudi, tukakaa ukumbini nyumbani kwa Balozi pamoja na bibi, ambaye bado yupo na bado hakai kwenye kiti akivutiwa. Chai ikapita. Imamu akamaliza dua, na pakawa na ule utulivu wa watu wengi wasiojua la kusema. Hapo ndipo kutoka chumba cha pili, kwenye mashine ambayo mke wa marehemu hakuizima hata kwa siku hiyo, ikaanza: tik. Kisha tik, tik.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Nilimtazama mkuu. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea mlangoni, kikombe kimebaki hewani. Kijana mmoja wa ukoo akainuka, akasema anakwenda kufungua achungulie kama wameshatoka.

"Usifungue," mkuu akasema. "Yatapoa."

Halafu akaweka kikombe chini na kufunika uso kwa kofia yake. Bibi, aliyekaa mkekani karibu naye, akanyoosha mkono akamgusa goti, na wote wawili wakaendelea kusikiliza.

Mimi sikusoma sana, na mambo makubwa ya jamii huwa nayaachia wenye vyeo vya kuyasemea. Lakini nililojifunza kwa Balozi nawapa hivi hivi. Siku ile shuleni sikio la kila mmoja wetu liliisikia sauti ya yai na kuijua, mpaka tulipoona imetoka chini ya dawati la nani. Mtu aliulizwa ya baba na ya babu, na lile alilolisema mwenyewe, mara ya kwanza kabisa, kwamba ni mayai, halikupata pa kukaa. Alikuja kuishi maisha yake yote akifungua kifuniko kabla ya kuulizwa, kwa tabasamu, ili sisi tusihangaike. Ukikutana na mtu wa namna hiyo barabarani, ndugu yangu, mwambie hana haja ya kufungua. Mwambie afunike, kuna upepo.