Taa Zisizopepesa

Mke wangu ana kifafa tangu utotoni, na daktari alishamwonya ajihadhari na mwanga unaopepesa. Kwa hiyo kwao hazikuwahi kutundikwa taa za Krismasi. Tulipohamia nyumba yetu Kibamba aliniomba kitu kimoja tu: "Mwaka huu tuweke. Ila ziwe zimetulia."

Nikanunua waya mrefu wa taa za rangi, nikautundika kibarazani. Karibu na plagi palikuwa na kiboksi chenye kitufe. Kila ukibonyeza, taa zinabadili mtindo. Zinakimbizana, zinafifia, zinapepesa. Nilimwacha chumbani, nikabonyeza mpaka mtindo wa mwisho, zikatulia. Akatoka. Alikaa kibarazani jioni nzima, hata chai aliisahau.

Kesho yake, kigiza kinaanza kuingia, umeme ukakatika. Mie nilikuwa uani nachota maji kwenye simtanki, yeye kibarazani anamalizia kuchambua mchele. Umeme uliporudi, nikasikia ungo unaanguka.

Nilimkuta sakafuni, mwili umekakamaa, na juu yake taa zote zinawaka na kuzima kama zimepagawa. Nikaing'oa plagi kwa mkono uliolowa, bila kufikiri. Jirani yetu, mama mmoja wa Kimakonde, akaja mbio na kijiko.

"Mtie mdomoni, asijing'ate!"

"Hapana, mama, tusimtie kitu!" Nikamlaza ubavu, nikamwekea kanga chini ya kichwa.

"Sasa tufanyeje, baba?"

"Tusubiri."

Tukasubiri. Niliomba, nikamlaumu Mungu, nikaomba tena. Zile taa nilizitundika mie, kwa mikono yangu.

Alipozinduka aliuliza, "Nimeanguka?" Baadaye sana akasema, "Nilitaka kufumba macho, nikachelewa."

Nikamwambia nakwenda kuzitupa. Akageukia ukutani. "Zitupe. Nimeshazoea kunyimwa."

Sikuweza. Asubuhi nikazipeleka kwa fundi redio wa pale kituoni. Akakigeuzageuza kile kiboksi.

"Braza, hiki hakina kumbukumbu. Umeme ukikata kinasahau ulichokichagulia, kinaanza upya na mtindo wa kwanza. Na wa kwanza ndo huo wa kupepesa."

Kumbe ndivyo. Nami nilidhani nikishabonyeza nimemaliza. Akakikata, akafunga adapta isiyo na kitufe wala mitindo.

Nyumbani nilifunga mlango, mke wangu akiwa ndani, nikashinda nachomeka na kuchomoa plagi. Zilitulia kila mara. Sikuziamini. Nikachomoa, nikachomeka tena, mpaka vidole vikauma.

Jioni ya Krismasi alitoka amefumba macho, amenishika mkono.

"Zimetulia?"

"Zimetulia."

"Una uhakika?"

Nikaubana mkono wake. Alisimama kidogo, kisha akafumbua jicho moja, halafu la pili. Akaanza kutabasamu polepole. Mie sikuziangalia hizo taa hata kidogo. Nilimkodolea macho yeye usoni, na mkono wangu wa pili ulikuwa umeshika plagi.