Nchi Isiyo na Watani

Sijui kama mtu aliyeishia darasa la nne ana haki ya kuandika mambo ya nchi za watu. Mume wangu anasema ninayo, lakini yeye husema hivyo akiwa na njaa. Basi naandika, na nikikosea nitarudi nyuma kusahihisha, kama nifanyavyo siku zote.

Tulitoka Tabora katikati ya miaka ya hamsini, mume wangu alipohamishwa na reli kwenda Nakuru kufanya kazi ya kuunga na kukata mabehewa. Treni hadi Mwanza, meli hadi Kisumu, kisha treni tena, ikipanda tu, ikipanda tu, mpaka nikamuuliza kama wenyeji wa huko wanaishi jirani na malaika.

"Ngoja baridi ikuingie," akasema, "utawaona hao malaika."

Siku ya kuondoka mama yangu alinishika mkono pale stesheni, akaniambia, "Nchi ikikukataa, rudi. Usione haya." Nikamwahidi. Mume wangu naye alisikia, akasema mbele yake kwamba ile pasi ya reli, ya mke kusafiri bure kwenda kwao, itakaa kwenye sanduku langu, si lake. Siku nikishindwa, niichukue niende, naye hataniuliza neno. Basi mwaka wote wa kwanza nililala nikijua ile karatasi iko chini ya nguo zangu, kama mtu anayelala mlango ukiwa wazi.

Niseme haki ya Nakuru, maana nimewasikia wengi wakiisema vibaya kisha wanakataa kuondoka. Baridi ilikuwa kweli. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlima wa Menengai ukaingia ndani bila hodi. Vumbi nalo lilikuwa na saa zake. Mchana upepo ulipotoka upande wa ziwa, nguo ulizofua zilirudi na rangi ya ardhi, na harufu ya ziwa juu yake. Tena ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, askari anaweza kukusimamisha popote akitaka karatasi zako, na mgeni kama mimi nilijibu huku nimesahau hata jina la mume wangu.

Lakini maziwa! Tabora tulikunywa chai ya rangi tukashukuru. Nakuru maziwa yalikuwa mengi mpaka chai yenyewe ilichemshwa ndani yake. Viazi, njegere, na kabichi kubwa kama kichwa cha baba mkwe wangu. (Hapo nimezidisha. Kichwa chake ni cha kawaida.) Na jioni ukipanda kidogo juu ya mji, ukaangalia kule chini, ukingo wa ziwa wote umekuwa wa rangi ya waridi kwa wingi wa ndege. Sikujua nimwandikie vipi mama yangu jambo hilo. Nikaacha, asije akadhani nimeanza kulewa.

Tulipewa chumba kimoja kwenye landhi, zile nyumba za mstari mmoja za wafanyakazi wa reli. Mlango uliopakana na wetu ulikuwa wa mama mmoja kutoka upande wa Kakamega, ambaye mume wake alikuwa akitia makaa kwenye injini. Huyo ndiye aliyenifundisha nchi. Alinipeleka sokoni kununua sweta, akanionyesha saa ya kuanua nguo kabla vumbi halijaja. Tena alipika mrenda, mboga ileile ya kuteleza tunayoila kwetu, ila yeye alitia chumvi ya majivu na mimi nikatia karanga. Alionja wangu, akanyamaza kwa heshima. Mimi nikaonja wake, nikanyamaza kwa heshima.

Na hiyo heshima ndiyo iliyokuwa ikiniua.

Kwetu Unyamwezi tuna watani. Wazaramo waliokuja Tabora na reli ni watani wetu tangu enzi za mababu waliobeba mizigo kwenda pwani. Mtani akipita mlangoni kwako haulizi hali. Anauliza kwa nini sura yako imefanana na ya punda aliyenyeshewa. Akimpenda kuku wako anamchukua, na ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Na msibani ndipo kazi yake hasa. Wafiwa wanalia, yeye anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, analala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Baba yangu alipokufa, Mzaramo mmoja muuza samaki alikalia kiti chake akadai chakula kwa sauti yake ileile, na mama yangu, ambaye alikuwa hajatia kitu kinywani tangu msiba ulipoingia, alicheka, kisha akala.

Nakuru hakuna aliyenitukana. "Habari ya asubuhi?" "Mzuri." "Watoto?" "Wazuri." Basi, kila mtu na ndoo yake. Mara moja nilijaribu. Nilimwambia jirani yangu kwamba sufuria yake ni nyeusi kama tumbo la injini ya mume wake. Aliichukua akaisugua kwa mchanga asubuhi nzima, mpaka nikaona haya nikaenda kumsaidia kusugua.

Kisha akaja baba mkwe wake, mzee mwenye kikohozi, aliyeletwa kutoka nyumbani ili aonwe na daktari. Alivaa koti refu la jeshi, la vita vya Mjerumani, na hakulivua hata jua likiwaka. Kila asubuhi tulimsikia kupitia ukuta.

"Hii chai imepoa!"

"Baba, inatoa moshi."

"Moshi ni wa sufuria. Chai imepoa! Nani aliambia nyinyi maji ya moto ni dhambi?"

Siku moja aliniita. "Wewe mtoto wa Tanganyika, kwenu kuna baridi?"

"Hapana, baba."

"Sasa ulikuja kutafuta nini huku? Makamasi?"

Jibu lilinijia mdomoni. Lakini alikuwa mzee na si mtani wangu, basi niliinamisha macho nikacheka ndani ya leso. Kuanzia siku hiyo nilimpelekea asali kidogo niliyokuja nayo kutoka Tabora. Aliilamba akasema nyuki wetu ni wavivu.

Akafa hospitali. Lori lilikodiwa limpeleke kwao, na mchana ule landhi nzima ilikusanyika kumuaga, jeneza likiwa tayari ndani ya lori. Katekista akasoma, watu wakaimba, wakalia. Jirani yangu alikaa chini akitazama mahali pamoja tu, na nilijua tangu jana yake hajala, maana uji niliompelekea ulirudi na utando juu.

Niliangalia huku na huku. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akifanya mzaha. Nikasema moyoni, maskini watu hawa, wako mbali na kwao, watani wao hawakufika. Nani atawafanyia kazi hii? Nawaapia, sikuwaza jambo jingine.

Nikaingia chumbani kwao. Koti la mzee lilikuwa bado msumarini. Nikalivaa, nikachukua fimbo yake, nikatoka nakohoa.

"Hii chai imepoa! Nyinyi watu wa Nakuru, hata lori lenu limepoa! Nani amewaambia moto ni dhambi?" Nikapita katikati yao kwa mwendo wake, goti moja halikunjiki, nikaenda kulala chali mbele ya magurudumu. "Sitoki! Sitoki njiani mpaka nipewe kuku!"

Nilingoja kicheko. Nilisikia treni ikipiga honi kule stesheni, na kisha sikusikia kitu.

Katekista alifunga kitabu chake. "Mwondoeni huyu mama."

Nyapara wa landhi akainama juu yangu. "Mama, umekunywa nini?"

"Sijanywa."

"Basi hiyo ni mbaya zaidi."

Jirani yangu akainuka, akaja akanisimamisha. Akanivua lile koti kifungo kwa kifungo, kama unavyomvua mtoto, akalikunja akaingia nalo kwenye lori. Angenipiga kofi ningemshukuru.

Mume wangu alizikuta habari stesheni kabla hajafika nyumbani.

"Ulifanya nini?"

"Nilifanya utani."

"Na nani?"

"Na marehemu."

Alishika kichwa. Kisha akacheka, kisha akashika kichwa tena. "Mke wangu, hapa hatuna watani. Hapa tuna majirani, na sasa sijui kama hao nao tunao."

Alisema kweli. Kwenye bomba la maji wanawake walinipa nafasi kubwa kuliko niliyohitaji. Siwalaumu. Mgeni akija kwetu akamvua marehemu heshima kwa namna tusiyoijua, nasi tungemfukuza, pengine kwa mawe. Nilijaribu kujitetea moyoni lakini kila mara nilipolisikiliza shauri pande zote mbili, nilishindwa mimi.

Nikatoa pasi. Nilimwambia mume wangu nitangoja jirani arudi, nimwombe radhi uso kwa uso, kisha nitakwenda zangu.

"Ahadi ni ahadi," akasema. Akageukia ukuta. Najua hakulala, maana akilala hukoroma.

Nguo zilikuwa zimekwisha kukunjwa siku aliporudi. Nilisikia mlango wao, nikasimama kujikusanya, na kabla sijatoka alikuwa yeye mlangoni kwangu, vumbi la safari bado nyweleni, na kuku mwekundu kwapani.

"Wewe," akasema.

"Abee, dada."

"Ile siku, ulisema hutoki njiani mpaka upewe nini?"

"Dada, nilitaka kukuomba..."

"Sijakuuliza hiyo. Ulisema nini?"

"Kuku."

"Basi kuku yako hii hapa. Toka njiani."

Akanirushia. Kuku akapiga kelele, mimi nikapiga kelele, na nilipomkamata jirani yangu alikuwa ameketi juu ya sanduku langu.

"Usifikiri sikukasirika," akasema. "Tulipita Rongai nimekasirika. Tukafika Timboroa, baridi ikanipiga, bado nimekasirika. Tukazika nimekasirika. Sasa dada yake mzee, nyanya kabisa, haoni, akaniuliza, 'Ndugu yangu aliishi vipi huko Nakuru?' Mimi nikatafuta maneno, nikakosa. Mdomo ikafunguka yenyewe ikasema, 'Hii chai imepoa!' Hivyo tu, kama wewe. Yule nyanya akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, 'Ni yeye, ni yeye, rudia.' Nimerudia hiyo chai kila siku mpaka nikachoka. Nikamwambia ni wewe ulianza, tena ukadai kuku. Basi huyo kuku ni yeye amekutumia."

Nilifuta macho kwa mkono uliomshika kuku.

"Na usilie kwa kuku yangu! Mwanamke gani huyu, wa kutia karanga kila mahali? Siku moja utatia kwa chai! Na hiyo sura kama sufuria haijasuguliwa."

Hapo akanikazia macho.

"Ngoja. Ile siku ya sufuria. Ulikuwa unanitukana?"

"Nilikuwa nakutania."

"Nilisugua asubuhi yote!"

"Si nilikusaidia?"

"Ndiyo maana sikujua ni matusi!"

Tulicheka mpaka mke wa nyapara akatokea kutazama, akaondoka bila kuuliza.

Lazima niseme, yule kuku alikuwa mzee kama aliyemtuma. Tulimchemsha mchana kutwa, na tuligombana mpaka tukagawa mchuzi, nusu na karanga, nusu bila. Mpaka leo sijui hasa kilichonizuia, kuku au maziwa au ile kelele yake akiwa juu ya sanduku langu. Nawaza siku nyingine kwamba mama angeniona mjinga, kukaa nchi ya baridi kwa sababu ya kutukanwa. Lakini yeye ndiye aliyekula baada ya kucheka, kwa hiyo labda asingeniona.

Jua lilipokuwa likishuka mume wangu alirudi kutoka kazini. Akakuta nguo zangu zimetapakaa kitandani na sanduku limefunguliwa, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Unafungasha au unafungua?" akauliza polepole.

Kabla sijajibu, jirani yangu alipaza sauti kutoka kwenye jiko.

"Aende wapi na sura hiyo? Nani atampokea?"

Mume wangu alinitazama, aone kama nimekasirika. Nikamwambia aache kuziba mlango, moshi haupati pa kutokea, tena makaa yamekwisha, aende akaombe kidogo kwa nyapara.